Miezi Sita Bila Kijiko cha Maji

Karibu kila mtoto anayezaliwa Tanzania hunyonya. Kwa hilo hatuna shida, na mara nyingi anayetuhubiria faida za ziwa la mama anamhubiria mtu aliyekwisha kuamini. Swali lenye uzito ni la pili: zaidi ya ziwa, mtoto anapewa nini? Hapo mama atakujibu bila wasiwasi wowote, "Hapewi kitu, maji tu." Kijiko kimoja asubuhi na kingine jioni, kwa sababu ya joto. Au dawa ya mchango aliyoileta bibi. Au uji mwepesi, kwa kuwa analia usiku na watu wamesema hashibi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania watoto 64 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Kenya, mwaka huohuo, walikuwa 60. Wengi wa waliobaki nao wananyonya, ila wanapewa na kitu kingine juu yake. Makala hii inawahusu hao, na inawahusu zaidi watu wazima wenye kijiko mkononi. Kwetu sisi, kinga ambayo maziwa humpa mtoto dhidi ya kuhara, nimonia na maambukizi mengine haipotei sana kwa mama kukataa kunyonyesha. Inapotea kwa nyongeza ndogo ndogo, nazo hutolewa kwa mapenzi matupu.

Kinga inatoka wapi

Mtoto hazaliwi mikono mitupu. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito, mama humpitishia kingamwili kupitia kondo la nyuma, zikaingia kwenye damu yake. Ndiyo sababu mojawapo ya mtoto njiti kuwa dhaifu zaidi mbele ya maradhi: ametoka kabla hajamaliza kuchukua fungu lake. Kingamwili hizo za kondo hufifia kadiri miezi inavyopita, na hata zikiwapo, kazi yake kubwa ni ndani ya damu. Vijidudu vingi vinavyowaua watoto wachanga huingia kwa kupitia mdomoni, puani, kooni na tumboni, na huko kwenye utando laini wa njia za chakula na hewa mtoto mchanga ana ulinzi mdogo sana wa kwake mwenyewe.

Maziwa hufanya kazi hapohapo. Yale ya mwanzo kabisa, mazito, ya manjano, yaani dang'a, yamejaa kingamwili za aina ya IgA. Hizi haziyeyushwi kama chakula. Huutandaza ulinzi juu ya utando wa koo na utumbo, zikavinasa vijidudu kabla havijajishikiza. Dang'a ni kidogo, vijiko vichache tu vya chai kwa kila mnyonyo, na uchache huo ndio uliowafanya watu wengi waidharau au waikamue na kuimwaga wakisema ni maziwa machafu yaliyolala titini. Kumbe tumbo la mtoto wa siku moja linahitaji kiasi hichohicho, na kinga iliyomo haina mbadala dukani.

Jambo linalonishangaza kuliko yote katika elimu hii ni namna mwili wa mama unavyojua kingamwili gani ziwekwe kwenye maziwa. Mchukue mama wa Temeke. Amekula embe la gengeni, amekunywa maji ya bombani, ameambukizwa mafua na mtoto wake mkubwa aliyetoka shule. Kila kijidudu kilichopita tumboni au mapafuni mwake kimekutana na seli za kinga, zikakitambua. Baadhi ya seli hizo husafiri kwa njia ya damu hadi kwenye matiti, zikatulia humo na kuanza kutengeneza IgA ya kupambana na kijidudu kilekile. Kwa hiyo maziwa ya mama yule yana ulinzi dhidi ya vijidudu vya nyumba ile, uani kwake, mtaani kwake, tena vya msimu ule. Mtoto anaishi humohumo. Hakuna kiwanda, hata kiwe kizuri namna gani, kinachoweza kujua ni kitu gani kinapita kwenye mtaro wa jirani yako.

Hata hivyo IgA haifanyi kazi peke yake. Kuna protini iitwayo laktoferini inayoyashika madini ya chuma, na bakteria wengi wabaya wakikosa chuma hawazaliani. Kuna laisozaimu inayotoboa kuta za bakteria. Kuna seli hai za kinga zenyewe. Na kuna kundi la sukari za ajabu, oligosakaraidi, ambazo wanasayansi wamekwisha kutambua zaidi ya aina 200. Mtoto hawezi kuziyeyusha. Kwa muda mrefu watu walijiuliza mwili wa mama unahangaika nini kutengeneza chakula ambacho mlaji hawezi kukila. Jibu ni kwamba mlaji mwenyewe ni mwingine: sukari hizo huwalisha bakteria rafiki waitwao bifidobakteria, wanaoijaza nafasi ya utumbo na kuufanya uwe na tindikali isiyopendwa na bakteria wa kuharisha. Tena baadhi ya sukari hizo hufanana na vile vishikizo vya kwenye ukuta wa utumbo ambavyo vijidudu hutafuta kujishikiza. Kijidudu hushika sukari kikidhani kimeshika utumbo, kikatolewa na kinyesi.

Kijiko kinaharibu nini

Sasa rudi kwa yule bibi na kijiko chake. Maji yale yanaweza kuwa yamechemshwa, lakini kijiko je? Kikombe? Kidole kilichopima joto? Mtoto anayenyonya tu hupata chakula kilichotoka mwilini moja kwa moja bila kupita kwenye chombo. Kijiko cha kwanza kinafungua njia ambayo haikuwapo.

Halafu kuna nafasi tumboni. Maji hayana lishe, ila yanajaza. Mtoto aliyeshibishwa maji hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Baada ya wiki mbili mama anasema kwa ukweli kabisa kwamba maziwa yamepungua, na uji unaingia. Kingamwili zile nazo zimepungua kwa kipimo kilekile. Utumbo wenyewe nao, ambao bado ni mchanga, huguswa na vyakula vigeni, na ukuta wake kuwa rahisi zaidi kupenywa.

Na kiu? Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88. Mtoto anayenyonya kila anapotaka hahitaji tone la maji hadi atimize miezi 6, awe Dodoma mwezi wa Oktoba au Mombasa mwezi wa Machi. Joto likizidi atanyonya mara nyingi zaidi, mara nyingine kwa muda mfupi mfupi. Anayehitaji maji ya kunywa siku hizo ni mama.

Utafiti uliofanywa kusini mwa Brazil na kuchapishwa mwaka 1987 ulipima jambo hili kwa namna ambayo bado inanukuliwa leo. Watoto wachanga walioachishwa kabisa ziwa walikuwa katika hatari ya kufa kwa kuhara mara 14 kuliko walionyonya bila kuongezewa maziwa mengine, na hatari ya kufa kwa magonjwa ya njia ya hewa ilikuwa mara 3.6. Wengi huishia hapo. Mimi naona takwimu ya katikati ndiyo inayotuhusu: watoto walionyonya huku wakipewa pia maziwa ya ng'ombe au ya unga walikuwa na hatari ya kufa kwa kuhara mara 4 hivi. Hao ni watoto waliokuwa wananyonya. Mama zao wangeulizwa, wangesema ndiyo, tunanyonyesha.

Dawa za mchango zina hoja yake. Mtoto wa wiki tatu akijinyonganyonga na kulia kila jioni, nyumba nzima hutaabika, na mkwe akileta mizizi iliyochemshwa si rahisi kumkatalia. Ila kilio cha jioni kwa mtoto anayeongezeka uzito, asiye na homa wala kutapika, mara nyingi hupungua chenyewe akifikia miezi mitatu au minne. Mbebe wima, mcheulishe, mzungushe uani. Maneno ya kumwambia mkwe bila kumvunjia heshima ni haya: "Mama, nesi kliniki amesema tusubiri kwanza, na atamwangalia tena tukienda kupima uzito." Wakwe wengi humheshimu nesi kuliko wanavyomheshimu mke wa mtoto wao. Itumie nafasi hiyo. Baba naye asikae pembeni; yule ni mama yake, na neno lake litasikika upesi zaidi.

Saa ya kwanza

Huko Kintampo, Ghana, watafiti waliwafuatilia watoto karibu 11,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Walikadiria kwamba kama watoto wote wangeanza kunyonya siku ya kwanza, asilimia 16 ya vifo vya watoto wachanga vingezuilika; kama wangeanza ndani ya saa ya kwanza, asilimia 22. Tofauti hiyo ya saa chache ndiyo inayofanya Shirika la Afya Duniani lisisitize saa moja.

Kwa hiyo jiandae kabla. Ukiwa bado mjamzito, mwambie atakayekusindikiza hospitali kwamba mtoto awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi mara akizaliwa, na asipewe maji ya glukosi wala kitu kingine wakati wewe ukihudumiwa. Waliojifungua kwa upasuaji ndio huachwa nyuma zaidi. Wanaweza kunyonyesha mara wakiwa macho, ila wanahitaji mtu wa kuwawekea mtoto ubavuni na kumshikilia. Mtoto njiti asiyeweza kunyonya bado anahitaji dang'a: mama ikamue kwa mkono, apewe kwa kikombe au mrija kadiri wauguzi watakavyoelekeza. Kwa njiti maziwa ya mama hupunguza pia hatari ya utumbo kuoza, ugonjwa unaowaua wengi wao hospitalini.

"Maziwa yangu hayatoshi"

Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Kabla ya hapo titi ni laini, mama anahofu, na jirani anashauri kopo. Subiri, endelea kumnyonyesha, usiku na mchana, mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kunyonya ndiko kunakoleta maziwa, na mnyonyo wa usiku una nguvu zaidi.

Kilio si kipimo cha shibe. Titi laini pia si kipimo. Pima kwa mkojo na kwa mizani: baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na akifikia wiki mbili amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao, kisha mstari kwenye kadi yake ya kliniki unapanda. Kama hayo yapo, maziwa yanatosha hata kama shangazi hakubali. Kama hayapo, nenda kliniki ukaangaliwe unavyompakata, kwa sababu tatizo la kawaida ni mtoto kunyonya chuchu peke yake. Mdomo uwe wazi sana, aingize na sehemu kubwa ya weusi wa titi, kidevu kiguse titi, na usisikie maumivu yanayoendelea. Chuchu zinazopasuka mara nyingi ni ishara ya ushikaji mbaya, na mafuta ya kupaka hayataponya kitu ushikaji usiporekebishwa.

Lipo pia suala la kubemenda, ambalo wahudumu wengi wa afya hulikwepa. Mama huambiwa kwamba akikutana na mumewe wakati ananyonyesha maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofika, na akipata mimba nyingine ndiyo kabisa amwachishe siku ileile. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mimba mpya nayo haiyageuzi kuwa sumu, na mama mwenye afya na mimba isiyo na matatizo kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha huku akila vizuri. Kinachomdhoofisha mtoto aliyeachishwa ghafla kwa sababu ya mimba ni kule kuachishwa kwenyewe: amepoteza chakula bora na kinga kwa mpigo mmoja. Uzazi wa mpango ndio wa kuzungumzia hapa, na zipo njia zinazofaa kwa anayenyonyesha.

Mama akiugua

Mama akipata mafua, malaria, homa ya matumbo au kuhara, jambo la kwanza linalomjia ni kumwepusha mtoto na ziwa. Ni kinyume chake. Mara nyingi mtoto amekwisha kukutana na kijidudu kile kabla mama hajaonyesha dalili, na mwili wa mama sasa unatengeneza kingamwili zinazohitajika. Nyonyesha, nawa mikono kwa sabuni, ziba mdomo na pua ukikohoa. Dawa mseto ya malaria na antibaiotiki nyingi za kawaida hazizuii unyonyeshaji. Cha muhimu ni kumwambia anayekupa dawa kwamba unanyonyesha. Titi lililovimba na kuuma linahitaji kunyonywa au kukamuliwa, pamoja na matibabu. Mama mwenye kifua kikuu huendelea kunyonyesha akiwa kwenye dawa, na mtoto hupewa dawa za kinga. Mwenye homa ya ini aina ya B pia hunyonyesha, mtoto akichanjwa mapema.

Ebola ni habari nyingine. Virusi vyake hupita kwenye maziwa, na kwa wasomaji wa Kongo na Uganda ushauri ni mmoja: mama mwenye maambukizi au anayeshukiwa asinyonyeshe hadi wataalamu wamruhusu. Kuna pia dawa chache, hasa za saratani, zinazolazimisha kusimama.

Kwenye VVU nataka tukae kidogo, kwa kuwa ushauri umebadilika na wapo akina mama wanaoishi kwa ushauri wa zamani. VVU hupita kwenye maziwa. Huo ni ukweli. Ndiyo maana miaka ya nyuma wengi waliambiwa watumie maziwa ya kopo. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walionyesha jambo ambalo hawakulitarajia wengi: watoto wa miezi mitatu walionyonya maziwa ya mama pekee waliambukizwa kwa kiwango cha chini kuliko waliochanganyiwa ziwa na vitu vingine. Kijiko kilekile.

Kisha ikaja Botswana. Serikali iliwagawia mama wenye VVU maziwa ya unga bure, kwa nia njema na kwa mpangilio mzuri. Mapema mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, maji yalichafuka na mlipuko wa kuhara ukaenea. Watoto zaidi ya 500 wenye umri chini ya miaka mitano walifariki ndani ya miezi michache, na waliolazwa wengi wao walikuwa hawanyonyi. Watoto waliokingwa na VVU wakauawa na kuhara.

Leo hakuna haja ya kuchagua kati ya hayo mawili. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kuwaweka wajawazito na wanaonyonyesha wote wenye VVU kwenye dawa za ARV kwa maisha yao yote. Mama anayemeza dawa kila siku hadi virusi vikafubaa, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa maziwa inashuka hadi chini ya asilimia moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema mama huyo anyonyeshe pekee kwa miezi 6, aendelee pamoja na vyakula vingine angalau hadi miezi 12, na anaweza kufika miezi 24 au zaidi akiendelea na dawa. Mtoto hupewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa, hupimwa mapema karibu na wiki ya 6, na hupimwa tena baadaye hadi baada ya kuacha ziwa. Ukipata kidonda kwenye chuchu, kamua titi hilo na umwage, mnyonyeshe kwa jingine, uende kliniki. Ukisahau dawa kwa siku kadhaa, usione haya, sema upesi.

Siku 84

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi mitatu. Wizara ya Afya wakati huohuo inamwambia anyonyeshe pekee kwa miezi sita. Hesabu haijumlishiki, na miezi mitatu hiyo ya katikati ndiyo kopo linapoingia. Wachache wanajua kwamba sheria hiyohiyo ya Tanzania inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Dai hizo saa. Unaweza kuzitumia kuchelewa kuingia na kuwahi kutoka kama mkikubaliana na mwajiri, jambo lenye maana zaidi kwa anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia. Mama ntilie na mwenye meza sokoni hawana mwajiri wa kumdai, lakini wana uhuru wa kukaa na mtoto karibu; wanachokosa ni kivuli na mahali safi pa kukaa, na hilo ni deni la halmashauri zinazokusanya ushuru wa soko kila siku.

Kukamua si kazi ngumu ukishazoea. Anza wiki mbili kabla ya kurudi kazini. Nawa mikono, kanda titi taratibu, bana nyuma ya weusi kwa kidole gumba na cha shahada, achia, bana tena. Weka kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwenye chumba kisichozidi nyuzi joto 25 maziwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4. Kwenye joto la Pwani usiyaache muda wote huo. Kwenye friji, siku 4. Usiyachemshe, yapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, maana kuchemsha kunaua sehemu kubwa ya kinga niliyoieleza juu. Mfundishe dada wa kazi kumlisha kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa amekaa wima, akilamba kwa mwendo wake. Chupa ya chuchu husafishika kwa shida, na huwachanganya watoto wengine wakakataa titi.

Kwa watoto wagonjwa ambao mama zao hawapo au hawawezi, hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza Kenya, ambako maziwa yanayotolewa hupimwa na kupashwa moto kwa kipimo maalumu. Kumpa mtoto maziwa ya jirani bila vipimo ni hatari tofauti kabisa.

Wapo wasiokuwa na njia ila kopo, na hawastahili kusimangwa. Wajue tu kwamba unga wa maziwa, hata kopo likiwa limefungwa, si kitu kisicho na vijidudu. Changanya na maji yaliyochemka ambayo hayajapoa chini ya nyuzi 70, yapoze upesi, mpe kwa kikombe, na mwaga kilichobaki baada ya saa 2. Usizidishe maji ili kopo lidumu. Tangazo lenye mtoto mnene halikwambii hayo. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya watoto Makerere miaka ya 1960, baadaye alikuja kuuita utapiamlo wa namna hiyo utapiamlo wa kibiashara, na mwaka 1981 dunia ikapitisha kanuni za kuzuia kampuni kutangaza maziwa hayo kwa umma. Kenya ina sheria yake tangu 2012. Muuguzi akikuandikia jina la kopo fulani bila sababu ya kitabibu, una haki ya kuuliza kwa nini.

Ziwa halifanyi kila kitu

Maziwa hayachukui nafasi ya chanjo. Surua, pepopunda, kifaduro na polio vinahitaji sindano na matone kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Wala usimnyime ziwa kabla ya chanjo ya kuhara ya rotavirusi ukidhani maziwa yataiua. Utafiti haukuonyesha faida ya kufanya hivyo.

Na mtoto anayenyonya vizuri anaweza kuugua. Akiharisha, ongeza kunyonyesha, mpe ORS na zinki kama ulivyoelekezwa kituoni. Kimbia hospitali, usingoje kukuche, akishindwa kunyonya, akipata degedege, akitapika kila kitu, akilegea au kuwa mgumu kuamshwa, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, ni dalili ya nimonia. Kwa aliye chini ya miezi 2, homa peke yake inatosha kumkimbiza hospitali.

Akitimiza miezi 6 akiba yake ya madini ya chuma imepungua, na maziwa peke yake hayamtoshi tena. Hapo uji mzito, maharage, mboga, yai, dagaa waliosagwa, vyote vina nafasi yao, na ndipo usafi wa kijiko unapokuwa kazi ya kila siku. Ziwa liendelee hadi miaka miwili au zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye homa akikataa chakula chote kwa siku tatu, mara nyingi ziwa halikatai.

Kumwachisha kwenyewe kufanyike polepole, mnyonyo mmoja baada ya mwingine, mtoto akiwa mzima. Wapo wanaompeleka kwa bibi kijijini wiki nzima ili asahau. Anasahau ziwa akiwa amebadilishiwa maji, chakula na vijidudu kwa siku moja. Utafiti uliofanywa Matlab, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 1983 ulikuta kwamba watoto waliokunywa maziwa yenye kingamwili nyingi za kipindupindu waliweza kubeba vimelea vyake tumboni na bado wasiugue. Kwa hiyo kama mvua zimeanza na kuna kipindupindu mtaani, ahirisha kumwachisha hadi kiishe.